Habari Ni Amana: Waandishi wa Habari na Michezo ya Hatari

Miongoni mwa habari zinazosomwa kwa shauku katika magazeti na kutazamwa katika sinema, habari za michezo ya hatari zina mahali pake pa pekee. Mtu mmoja hupanda ukuta wa jiwe bila kamba. Mwingine huzunguka dunia peke yake katika mashua ya tanga. Wengine hupanda mlima ambao juu yake hewa haitoshi kumweka binadamu hai kwa muda mrefu. Msomaji, naye ameketi kitini pake, hushusha pumzi na kugeuza ukurasa. Ni mara chache ajiulizapo swali ambalo makala haya yanakusudia kuliuliza: huyu aliyetuletea habari alikuwa wapi? Nani alimpa ruhusa ya kuona? Na je, kuwapo kwake kulibadili lolote katika jambo aliloliandika?

Swali hili ni la uhakiki, wala si la udaku. Tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia kwa kutazama maudhui na fani. Lakini maandishi yanayodai kusimulia mambo yaliyotokea kweli, aghalabu tunayapokea kwa mikono miwili bila kuyapima. Twasahau kwamba nayo yana msimulizi, yana uteuzi wa maneno, yana wahusika wakuu na wahusika wadogo. Tofauti ni kwamba wahusika wake wana wazazi na watoto, na wengine wao hufa kweli.

Amana na mali

Lugha yetu inatupa mwanzo mzuri. Kitenzi "kuamini" kimetoka katika mzizi wa Kiarabu ambao umetupatia pia maneno imani, uaminifu, amani na amana. Kati ya hayo yote, neno "amana" ndilo litufaalo zaidi hapa. Amana ni kitu cha mtu mwingine kilichowekwa mikononi mwako: unakitunza, lakini hukimiliki, na siku ya kudaiwa utakirudisha kikiwa kizima. Mali ni jambo jingine. Mali waweza kuiuza, kuipamba ili ipate bei, au kuigawa upendavyo. Hoja ya makala haya ni moja: habari ya mtu aliyeyaweka maisha yake hatarini ni amana mikononi mwa mwandishi, na uaminifu baina ya wawili hao huvunjika pale amana inapogeuzwa kuwa mali.

Kwamba habari hizi zina bei si jambo la jana. Mwaka 1953 gazeti la The Times la London lilinunua haki ya kutangaza habari za msafara wa Waingereza uliokwenda Everest. Mwandishi wake, James Morris, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jan Morris, aliipeleka habari ya ushindi kwa mafumbo. Maneno ya simu yake yalisema kwamba hali ya theluji ni mbaya na kwamba kambi ya mbele imeachwa. Maana iliyokubaliwa ilikuwa kwamba Hillary na Tenzing wamefika kileleni. Lengo lilikuwa kuwapoteza waandishi wa magazeti mengine. Habari ikatoka tarehe 2 Juni 1953, siku ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili.

Hapo mali ilikuwa imelindwa vizuri. Lakini wapandaji waliposhuka, waandishi wengine waliwasonga kwa swali moja: kati yenu, ni nani aliyetangulia kukanyaga kilele? Kila upande ulikuwa na shujaa wake, na kila upande ulitaka jibu lake. Wawili hao wakatia sahihi taarifa kwamba walifika karibu pamoja. Tenzing mwenyewe ndiye aliyeeleza, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1955, kwamba Hillary alitangulia hatua chache. Tuangalie jinsi jambo lilivyokwenda. Lilipotakiwa kwa nguvu, halikutolewa. Mwenyewe alipoona wakati umefika, alilitoa kwa hiari yake. Basi mwenye habari ana haki juu ya habari yake, hata kama dunia nzima inaingoja.

Gazeti lililoamini upesi

Mfano wa pili unatupeleka baharini. Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la London liliandaa shindano la kuzunguka dunia kwa mashua ya tanga, mtu akiwa peke yake na bila kutia nanga bandarini. Zawadi ya atakayetumia muda mfupi zaidi ilikuwa pauni 5,000. Washiriki 9 waliondoka. Wa mwisho kuondoka, tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, alikuwa Donald Crowhurst, mfanyabiashara wa vyombo vya elektroniki, ambaye hakuwa na uzoefu mkubwa wa bahari kuu. Mashua yake, Teignmouth Electron, yenye miili mitatu iliyoungwa pamoja, ilikuwa bado haijakamilika. Tena alikuwa amefunga mkataba wa fedha ambao ungemfilisi kama angerudi mapema.

Baada ya majuma machache Crowhurst alitambua kwamba mashua ile haiwezi kuhimili bahari za kusini. Kuendelea ilikuwa kifo, na kurudi ilikuwa aibu na kufilisika. Akachagua njia ya tatu: akabaki katika Bahari ya Atlantiki, huku akipeleka kwa redio taarifa za safari ambayo hakuifanya. Mwezi Desemba 1968 alidai kwamba amekwenda maili 243 kwa siku moja. Wakala wake wa habari, Rodney Hallworth, alizipokea taarifa hizo fupi na kuzikuza kabla ya kuwapa waandishi, nao waandishi wakazichapa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa kabla hajapanda mnazi.

Francis Chichester, baharia mashuhuri aliyekuwa miongoni mwa waamuzi, alizishuku tarakimu hizo. Lakini shaka yake haikupewa nafasi kubwa magazetini, na sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Gazeti lilikuwa mwandalizi wa shindano, mtoa zawadi na msimulizi, yote kwa pamoja. Habari ya mtu mnyonge anayewashinda mabaharia hodari ilikuwa mali nzuri mno, na mwenye mali nzuri hapendi kuikagua.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Nigel Tetley, mshiriki mwingine, alikuwa amekwisha kuizunguka dunia na yuko njiani kuelekea nyumbani. Aliposikia kwamba Crowhurst anamkaribia, aliiendesha kwa nguvu mashua yake iliyokuwa imechoka. Ikavunjika na kuzama tarehe 21 Mei 1969, naye akaokolewa. Crowhurst sasa alijiona anakaribia ushindi ambao ungeleta ukaguzi wa madaftari yake. Tarehe 10 Julai 1969 mashua yake ilikutwa ikielea bila mtu. Aliyemaliza shindano alikuwa mmoja tu, Robin Knox-Johnston, naye akatoa zile pauni 5,000 kwa mke na watoto wa Crowhurst.

Mwaka 1970 waandishi wawili wa gazeti lile lile, Nicholas Tomalin na Ron Hall, walitoa kitabu kiitwacho The Strange Last Voyage of Donald Crowhurst, wakitumia madaftari yaliyokutwa ndani ya mashua. Kitabu hicho kina sifa ya kusimulia bila kumdhihaki marehemu. Lakini mhakiki hana budi kuona kwamba uangalifu ule wa kusoma kila tarakimu ulikuja baada ya kifo. Ungalikuja mapema, huenda ungalimfungulia mtu yule mlango wa kurudi.

Wako wasemao kwamba uaminifu baina ya mwandishi na mwanamichezo ni kumwamini asemalo. Mfano huu unaonyesha kwamba sivyo. Waandishi wa London walimwamini Crowhurst, lakini hawakuwa na uaminifu kwake. Kumwuliza mtu swali gumu si kumtukana. Ni kumchukulia kuwa mtu mzima mwenye jambo la kweli la kusema. Na asiyeulizwa si yeye peke yake anayeumia, kwani aliyezama baharini ni Tetley, ambaye hakusema uongo wowote.

Mwandishi aliyefungwa kamba

Yawezekana mtu akajibu kwamba dawa ya hayo ni mwandishi kuwapo mahali penyewe, aone kwa macho yake. Basi na tumtazame mwandishi aliyekuwapo.

Mwaka 1996 jarida la Marekani liitwalo Outside lilimtuma Jon Krakauer kwenda Everest kuchunguza biashara ya kuwapandisha wateja mlima huo kwa malipo. Krakauer mwenyewe alikuwa mpandaji tangu ujana wake. Alijiunga kama mteja katika kundi la Rob Hall wa New Zealand, aliyekuwa akitoza dola 65,000 kwa mtu mmoja. Sehemu kubwa ya gharama hiyo jarida lililipa kwa kumpa Hall nafasi za matangazo. Scott Fischer wa Marekani, kiongozi wa kundi jingine, naye alikuwa ametumaini kumpata mwandishi huyo. Katika kundi la Fischer alikuwamo pia Sandy Hill Pittman, aliyekuwa akipeleka habari kwa shirika la NBC kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo, kabla mtu hajakanyaga theluji ya juu, kalamu ilikuwa imekwisha kuingia katika hesabu za biashara.

Tarehe 10 Mei 1996 baadhi ya wapandaji walikuwa wangali wakipanda baada ya saa nane mchana, saa ambayo ilikuwa imezungumzwa kuwa mwisho wa kugeuka. Dhoruba ikawakuta wakishuka. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Watu 8 walikufa katika dhoruba ile, pande mbili za mlima, Hall na Fischer wakiwamo.

Makala ya Krakauer yalitoka Septemba 1996, na kitabu chake, Into Thin Air, mwaka 1997. Fani yake ni ya hali ya juu, lakini sifa yake kubwa kuliko zote ni kwamba msimulizi hajifichi. Anajiuliza waziwazi kama kuwapo kwa mwandishi wa jarida kubwa hakukuwatia viongozi na wateja haja ya kufika juu kwa vyovyote. Kiongozi anayejua kwamba kila hatua yake itasomwa na watu ambao huenda kesho wakawa wateja wake, je, atageuka akiwa amebakiza hatua mia? Hakuna mizani ya kulipima jambo hili. Lakini kulitaja tu ni mwanzo wa uaminifu, kwa maana mwandishi anakiri kwamba kalamu nayo ilikuwa mzigo mmojawapo uliobebwa mlimani.

Kitabu hicho kinatufundisha jambo jingine. Krakauer aliamini kwamba usiku ule wa dhoruba alimwona Andy Harris, mmoja wa viongozi, karibu kabisa na kambi. Kwa zaidi ya miezi miwili aliwaambia watu hivyo, na jamaa za Harris wakaomboleza kwa kuiwazia namna ya kifo ambayo haikuwa ya kweli. Baadaye ilibainika kwamba aliyemwona ni mtu mwingine, Martin Adams, wa kundi la Fischer. Krakauer alilisahihisha jambo hilo hadharani na kulieleza kitabuni. Basi kuwapo si dawa kamili. Mwandishi aliye mbali hakosi wa kumdanganya; mwandishi aliye ndani hudanganywa na uchovu wake mwenyewe, na katika kimo cha mita 8,000 akili hupungukiwa na hewa kama mapafu yapungukiwavyo.

Kosa lililosahihishwa limelipwa. Liko, hata hivyo, jambo ambalo mpaka leo linaleta mabishano, nalo ni hukumu ya Krakauer juu ya Anatoli Boukreev, kiongozi katika kundi la Fischer. Boukreev alipanda bila mtungi wa oksijeni na akashuka kambini kabla ya wateja wake. Krakauer aliulaumu uamuzi huo. Boukreev, katika kitabu alichokitoa mwaka huo huo wa 1997 pamoja na G. Weston DeWalt, The Climb, alijibu kwamba alishuka kwa makubaliano na Fischer, ili awe tayari kutoa msaada ukihitajika. Na ni kweli kwamba usiku ule alitoka peke yake katika dhoruba akawarudisha hai watu watatu, wakati wengine, pamoja na Krakauer, walikuwa wamelala hemani kwa kuishiwa nguvu. Mwezi Desemba 1997 chama cha wapandaji wa Marekani, American Alpine Club, kilimtunukia nishani kwa tendo hilo. Tarehe 25 Desemba mwaka huo huo alikufa kwa maporomoko ya theluji katika mlima Annapurna.

Hapa mwalimu wa lugha ana neno la kusema. Katika Kiswahili twaweza kusema kwamba Boukreev "aliwaacha" wateja wake, au kwamba "aliwatangulia" wateja wake. Nyayo zake katika theluji ni zile zile, na saa ni ile ile. Kitenzi cha kwanza kimekwisha kutoa hukumu; cha pili kimeacha mlango wazi. Msomaji hatambui kwamba amefikishwa mahakamani, kwa kuwa hukumu imepitishwa ndani ya kitenzi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na vitabu hivi viwili, kila kimoja kinavuta upande wake. Aliyesoma kimoja tu amesikia nusu ya shauri.

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka 2015 sinema iitwayo Everest ilimwonyesha Krakauer mwenyewe akiombwa na Boukreev atoke kuokoa watu, naye akikataa. Krakauer alisema hadharani kwamba tukio hilo halikutokea kamwe. Tusimcheke. Sinema ile ilimpa kuonja lile ambalo kila asimuliwaye hulijua: kuona jina lako likitembea duniani limevaa nguo usizozichagua.

Waliobaki nje ya hadithi

Tukiwa bado mlimani, yafaa tuhesabu wahusika wadogo. Waliokufa kwa dhoruba ile upande wa kaskazini walikuwa Wahindi watatu wa kikosi cha mpaka: Tsewang Samanla, Tsewang Paljor na Dorje Morup. Katika vitabu na sinema zilizofuata, sehemu kubwa ilikuwa ya wateja wa kusini. Ngawang Topche Sherpa, wa kundi la Fischer, aliugua mapafu kwa ajili ya kimo kabla ya siku ile, akafa mwezi Juni 1996. Jina lake halimo katika hesabu ya wale 8. Asiyekuwepo na lake halipo, na mlimani asiyekuwepo ni yule ambaye hakuwa na mwandishi katika kamba yake.

Kinyume chake kiko kwa Rob Hall. Akiwa amekwama juu, bila njia ya kuokolewa, aliunganishwa kwa redio na simu ya setilaiti azungumze na mkewe mjamzito aliyekuwa New Zealand. Mazungumzo hayo yalisikiwa na watu waliokuwa kwenye redio mlimani, kisha yakachapishwa na kuchezwa katika sinema. Makala haya hayatayarudia. Kuna maneno ambayo yakifika sikioni mwa mwandishi huwa amana iliyo nzito kuliko zote, kwa sababu mwenyewe hatarudi kuidai. Huyu hadithi ilimchukua mpaka pumzi ya mwisho. Yule hadithi haikumchukua kabisa. Yote mawili ni upungufu wa uaminifu.

Kamera zilizogeuka

Mfano wa mwisho ni wa heri, lakini nao unahitaji kupimwa. Tarehe 3 Juni 2017 Alex Honnold alipanda El Capitan, jabali la mita zipatazo 900 katika bonde la Yosemite huko California, bila kamba, kwa muda wa saa 3 na dakika 56. Sinema ya tukio hilo, Free Solo, iliyoongozwa na Elizabeth Chai Vasarhelyi na Jimmy Chin, ilitoka mwaka 2018, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya Oscar ya sinema za mambo ya kweli.

Wapiga picha walikuwa wapandaji hodari na rafiki za Honnold. Swali lao lilikuwa zito kuliko la mwandishi wa gazeti: itakuwaje picha zetu zikimsukuma apande siku ambayo moyo wake haujakubali? Kwa hiyo walijipangia miiko. Katika sehemu ngumu kuliko zote waliweka kamera zinazoongozwa kwa mbali, ili asimwone mtu. Mwaka 2016 Honnold alijaribu, akaona hayuko tayari, akageuka. Na sinema inamwonyesha akigeuka. Siku yenyewe ya kupanda, mmoja wa wapiga picha aliokuwa chini alishindwa kuvumilia, akageuza uso wake asitazame.

Jambo la kugeuka kwake mwaka 2016 lisipite hivi hivi. Mwandishi mwenye haraka angaliandika kwamba Honnold "alishindwa". Lakini mtu anayepanda bila kamba akigeuka hajashindwa. Ameshinda jaribio lililo gumu zaidi, kwani watu na mitambo ilikuwa imekusanyika kwa ajili yake. Kwamba aliweza kugeuka mbele ya kamera ni ushahidi kwamba kati yake na wapiga picha palikuwa na kuaminiana, wala si kuamini tu. Kauli ya kutendana ina maana yake hapa: kila upande ulishika amana ya mwenzake. Yeye aliwaamini kwamba hawatamlazimisha. Wao walimwamini kwamba hatapanda kwa ajili yao.

Hata hivyo mhakiki asilale. Sinema inayoonyesha wasiwasi wa watengenezaji wake inaweza kuufanya wasiwasi huo nao kuwa bidhaa. Tunawaona wakihangaika, tunawapenda kwa kuhangaika kwao, nasi tunasahau kuuliza kama picha hizo zilipaswa kupigwa. Honnold alifika juu salama, na usalama wake umeufanya uamuzi wa kila mtu uonekane wa busara. Angalianguka, miiko ile ile ingaliitwa visingizio. Ndiyo maana haifai kuipima kazi ya namna hii kwa matokeo. Ipimwe kwa yale waliyokubaliana kabla. Kwa kipimo hicho Free Solo imesimama vizuri, kwa sababu mlango wa kurudi uliachwa wazi, na ulipata kutumiwa.

Kazi yetu darasani

Ndugu walimu, huenda mtu akauliza haya yote yana faida gani kwa sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi, ambako wanafunzi wengi wana lugha nyingine nyumbani. Nionavyo, faida ni kubwa, maana uaminifu wa mwandishi hukaa katika sarufi kabla haujakaa katika moyo wa msomaji.

Tuchukue vitenzi vya kutaja usemi: alisema, alieleza, alidai, alikiri, alijigamba. Wanafunzi wetu huvitumia kama visawe, ili kuepuka kurudiarudia. Lakini mtu "hukiri" kosa, na "hudai" lenye shaka. Magazeti ya mwaka 1968 yangaliandika tu kwamba Crowhurst "anasema amekwenda maili 243", mzigo wa kuthibitisha ungalibaki mahali pake. Yalipoandika kwamba "amekwenda", mwandishi aliugeuza usemi wa mtu kuwa ukweli wa dunia. Tuchukue pia viambishi -nge- na -ngali-. Boukreev angalibaki juu, je, wateja wangalisalimika? Hayo ni maneno ya dhana, na lugha yetu imeyawekea alama yake. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri ataiona alama hiyo ikikosekana, naye ataijua dhana iliyovaa kanzu ya tukio.

Zoezi jepesi litafaa. Mwalimu awape wanafunzi tukio fupi, kwa mfano mpandaji aliyegeuka kabla ya kilele, na wote walisimulie kwa mambo yale yale bila kuongeza wala kupunguza. Nusu ya darasa iandike kama rafiki wa mpandaji, nusu iandike kama mtu aliyemlipia safari. Kisha wabadilishane kazi na kupigia mstari kila neno lililotoa hukumu. Wataona wenyewe kwamba hukumu imejificha katika vitenzi na viambishi kuliko katika vivumishi. Mwishoni wajiulize maswali matatu, ambayo ndiyo makala haya yameyafuata tangu mwanzo: mwandishi alisimama wapi? Kuwapo kwake kulikuwa na uzito gani? Na mwenye habari, kama angaliisoma, angaliitambua kuwa ni yake?

Swali la tatu ndilo gumu, hasa pale mwenye habari asipoweza tena kusoma. Hapo anayebaki kuilinda amana ni msomaji, na msomaji huyo hufundishwa na sisi.